Isome Nguo kwa Ndani

Kijana anayeuza mitumba jirani na kibanda changu, hapa Mikindani, mkoani Mtwara, aliniletea koti mwezi wa nne mwaka jana. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile na jua limeshaanza kuunguza mabati.

"Dada fundi, hili nimelikuta kwenye belo la masweta. Kifungo kimoja hakipo, na bitana imechanika huku kwapani. Nishonee, halafu uniambie niliuze shilingi ngapi."

La bei sikumjibu. Nililigeuza ndani nje, kama mjomba alivyonizoesha. Mjomba alikuwa fundi cherehani kwa zaidi ya miaka 30, kwenye baraza moja huko chini ya Boma la Wajerumani, na kila mteja aliyekuja na nguo akisema "nishonee kama hii" alimwona akiigeuza kwanza kabla hata ya kuulizwa anataka kitambaa gani. Alikuwa akisema kwa nje fundi anaweza kukuficha mengi, ila kwa ndani utajua kama alikuwa na haraka.

Aliyeshona koti lile hakuwa na haraka. Kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubanana, cha rangi ya mchanga mkavu. Pindo limekaa, mifuko imefungwa kwenye pembe zote. Lakini kilichonishika ni shingo, pale kola inapounganishwa na ule mkanda wa kuisimamisha. Kuna mstari wa mishono ya mkono pale, midogo kama chembe za mtama, inayofuata mzunguko wa shingo bila kuyumba. Nilianza kuihesabu kwa ncha ya sindano. Nilipofika 60 macho yakaanza kuuma, na sikuwa hata nusu ya safari.

Lebo ilisema Burberry, na chini yake, Uingereza. Koti bandia zipo nyingi, najua, na baadhi zimepita mikononi mwangu. Kwa hili shingo ilinitosha. Usiku nikasoma kwenye simu: makoti ya mvua ya kampuni hiyo hushonwa Castleford, mji wa Yorkshire, na kitambaa chake hufumwa Keighley, mkoa huohuo. Kitambaa kinaitwa gabadini. Thomas Burberry mwenyewe alikibuni mwaka 1879. Na kola ile, kwa maelezo yao, ina mishono zaidi ya 180, na fundi huchukua mwaka mzima mpaka aiweze.

Mwaka mzima kwa kola moja. Niliisoma sentensi hiyo nikamkumbuka mjomba, aliyenikataza kugusa kola kwa miezi minane. Nilikuwa nalia. Wenzangu waliojifunza kwingine walikuwa wameshaanza kushona mashati ya watu na kupata hela ya vocha, mimi bado napiga mistari kwenye magunia ya sulfa, dawa ya mikorosho, yaliyofuliwa.

Toka siku hiyo swali halijaniachia. Kampuni kama hiyo ina hela ya kushonesha popote duniani. Ingeweza kupeleka koti lile kwenye nchi ambayo fundi analipwa sehemu ndogo sana ya anacholipwa Mwingereza. Kwa nini limebaki Castleford?

Jibu nililikuta kwa kutazama kile ambacho hakikubaki. Kampuni hiyohiyo ilikuwa na kiwanda kingine Treorchy, huko Wales, kilichoshona fulana za kola. Mwezi wa tatu mwaka 2007 kilifungwa, watu wapatao 300 wakapoteza kazi. Waliandamana, wabunge wakapiga kelele, waigizaji mashuhuri wakawaunga mkono, na haikusaidia. Kampuni ilisema kiwanda hakilipi, kazi ikahamia nchi za gharama ndogo. Mwenye uamuzi alikuwa yuleyule: fulana iende, koti libaki.

Mtu asiye fundi anaweza kuona ni upendeleo. Mimi naona hesabu, na nitaieleza kwa mikono yangu. Fulana ya kola namfundisha binti mwenye akili kwa wiki tatu. Kitambaa kinavutika, kwa hiyo kinasamehe makosa. Ukikosea nusu sentimita, mwili wa mvaaji unajaziliza. Gabadini haisamehi. Sindano ikishapita mahali pasipo pake, tundu linabaki hata ukifumua. Kwa hiyo fulana inaweza kushonwa popote penye mashine nzuri na msimamizi mkali. Koti linahitaji mtu aliyekaa na mtu mwingine aliyekaa na mtu mwingine, na watu hao hawasafirishwi kwenye kontena. Tena kuna hili: anayenunua koti kwa bei ile ananunua na Uingereza ndani yake, mvua yake na askari wake wa Vita ya Kwanza ya Dunia waliovaa makoti hayo kwenye mahandaki. Ukilihamisha koti, umeondoa sehemu ya alichokuja kununua. Fulana haina deni hilo.

Nguo za bei rahisi zina hesabu nyingine kabisa, hesabu ya mshahara. Huko ndiko mashirika yanakokimbizana kutoka nchi hadi nchi, na huko ndiko jengo la Rana Plaza lilikoanguka Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 likaua watu 1,134, wengi wao wasichana wa cherehani. Siwezi kuwapita bila kuwataja. Lakini ninachokifuatilia leo ni nguo za gharama kubwa, ambazo mshahara wa fundi, hata uwe mzuri, ni kipande kidogo cha bei.

Sasa nizungumzie zipu, maana naamini nusu ya jawabu iko kwenye zipu.

Mwaka juzi nilipata kazi ya sketi 25 za sare ya harusi, rangi ya zambarau iliyokolea. Vitambaa vipo, uzi upo, mafundi tupo watatu. Zipu za rangi ile zilikuwa saba tu Mtwara yote. Nilizunguka Soko Kuu, nikaenda mpaka kwa Wahindi wa zamani, zikawa saba. Zilizobaki niliagiza Kariakoo. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni kama kilomita 560. Aliyetumwa alichelewa kupeleka mzigo stendi, siku ya pili basi likaharibika njiani Lindi, zilipofika nikakuta rangi ni ya bilinganya bichi, siyo ile. Zikarudi. Siku tisa. Mafundi wangu walikaa siku tisa wakitazama sketi zisizo na mgongo. Hakuna mshahara mdogo duniani unaoweza kufidia siku hizo.

Ndiyo maana nikisoma habari za Scandicci, mji mdogo pembeni ya Florence, naona wivu wa kweli. Pale ndipo Gucci walipo, na majina mengine makubwa ya mikoba. Anayekata ngozi yuko mtaa mmoja, anayetengeneza vishikizo vya shaba mtaa wa pili, mwenye zipu wa tatu, na viwanda vya kulainisha ngozi viko Santa Croce sull'Arno, safari ya chini ya saa moja. Mbunifu akiamua asubuhi kwamba kishikizo kiwe kifupi kidogo, jioni kipo mezani. Watu wale hawakuwekwa pale na kampuni. Walikuwepo, wajukuu wa mafundi, kampuni zikawafuata.

Kuna mahali hata maji ndiyo yaliyochagua. Biella, kaskazini mwa Italia, ni mji wa sufu kwa karne nyingi, na wenyewe wakiulizwa sababu wanaonyesha mito inayoshuka kutoka Alps: maji yake yana madini machache sana, sufu inasafishika na kushika rangi sawasawa. Nikawaza visima vyetu vya pwani. Hapa Mikindani nikilowesha kitambaa kabla ya kukata, sabuni haifanyi povu, na kitambaa kikikauka kina ukakasi wa chumvi. Nani angeleta sufu yake huku? Mto una uzito kuliko hotuba ya waziri wa viwanda.

Na kampuni zenyewe zinajua jinsi mtandao huo ulivyo dhaifu. Chanel ilinunua karakana ya vifungo ya Desrues mwaka 1985, kisha wadarizi wa Lesage mwaka 2002, na mwaka 2012 ikanunua Barrie, kiwanda cha kufuma sweta za kashmiri kule Hawick, Uskoti, baada ya mwenye nacho kufilisika. Fikiria: kampuni kubwa ya Paris inanunua kiwanda cha mji mdogo wa Uskoti kwa kuogopa kwamba kikifungwa, wanaojua kazi ile watatawanyika, mmoja ataendesha basi, mwingine atafungua duka, na baada ya miaka kumi hata ukiwa na mabilioni hutapata wa kukufumia. Kwa Treorchy hakuna aliyeogopa hivyo.

Hermès, kampuni ya mikoba ya Ufaransa, wamekwenda mbali zaidi. Walianza mwaka 1837 kwa kutengeneza lijamu na matandiko ya farasi, na mshono wao mpaka leo ni ule wa matandiko: uzi mmoja, sindano mbili, zinapishana kwenye tundu moja kutoka pande mbili. Ukikatika upande mmoja, mwingine unashika. Mkoba unashonwa na mtu mmoja mwanzo mpaka mwisho. Karakana zao za ngozi ziko Ufaransa, za watu mia mbili au mia tatu, nyingi zikiwa kwenye miji ya mashamba ambayo viwanda vyake vya zamani vilishakufa. Wanachukua watu wa pale na kuwafundisha wenyewe, kwa muda mrefu, wakiwalipa. Wananunua muda wa watu kujifunza. Mimi nimepoteza wanafunzi wanne kwa sababu sikuweza kuununua muda huo: walipofika mahali pa kuanza kuiva, nyumbani kwao njaa iliwaita.

Lakini mikono ni nusu tu. Nusu nyingine ni jina la mahali, na hapa inanibidi niseme kitu ambacho kimenikaa rohoni.

Miaka mitatu iliyopita duka moja la Dar es Salaam lilinipa kazi ya magauni 40 ya kitani. Walinitumia kitambaa kizuri, na ndani ya furushi kulikuwa na kimfuko cha nailoni chenye lebo 40. Lebo za hariri, zimefumwa vizuri, zimekunjwa katikati tayari kwa kushonewa. Juu jina la duka, chini yake jina la jiji moja la Ulaya. Nilizimwaga mezani na kuzipanga. Nilizishona zote 40, pale katikati ya shingo, kwa mishono minne minne midogo, nikijua kwamba magauni yale hayajawahi kutoka Mkoa wa Mtwara. Nililipwa shilingi 12,000 kwa gauni. Baadaye niliyaona kwenye simu ya mteja wangu, yakiuzwa 180,000.

Bei haikuniuma sana. Pango la duka Dar nalijua, na mtu ana haki ya faida yake. Kilichoniuma ni ile mishono minne. Nilimpigia mwenye duka nikamuuliza, "Kaka, kwa nini usiandike Mikindani? Ni jina zuri, na ndiko yalikotoka."

Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada yangu, nani atanunua Mikindani?"

Nimekaa na jibu hilo miaka mitatu, na siku hizi nina la kumwambia. Lugha yetu wenyewe imejaa majina ya mahali yaliyogeuka kuwa vitambaa. Bibi zetu walivaa merikani. Merikani ni Marekani: kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofumwa kwenye viwanda vya New England na kuletwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa Marekani na Sultani wa mwaka 1833. Kikashuka mpaka bandari hizi, Kilwa, Lindi, Mikindani, kikapakiwa kwenye misafara kwenda bara. Huko bara kilikuwa fedha. Ulilipa chakula kwa mikono ya merikani, ulilipa ushuru wa kupita kwa mikono ya merikani, na wenyeji walikuwa wanakikagua kwa makini kama mjomba. Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1861 mpaka 1865, pamba ikakosekana, meli zikapungua. Viwanda vya Bombay vikachukua nafasi vikafuma kitambaa cha namna ileile. Na watu waliendelea kukiita merikani.

Kwa hiyo watu wa pwani hii walijua mapema kabisa kitu ambacho kampuni za Paris na Milan zinaishi nacho leo: jina la mahali likishaingia kwenye kitambaa linaweza kuendelea kutembea hata mikono ikishahama. Na mahali palipopitiwa na mzigo ule, pakaubeba, pakaulinda, pakaulipia, hapakupata jina lolote. Mikindani ilikuwa mlango tu.

Hata hivyo haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kilwa, kaskazini mwetu, ilikuwa inasokota pamba yake. Waliochimba magofu ya Kisiwani wamefukua vidude vya udongo vya mviringo vyenye tundu katikati, vizito vya kusokotea uzi, na Wareno walipoingia mwaka 1505 waliiona pamba ikiota kisiwani. Miaka 400 baadaye pamba ilirudi kwa fimbo: Wajerumani waliwalazimisha watu wa Umatumbi kulima kwa ajili ya viwanda vya kwao, na Nandete, Julai 1905, watu wakaing'oa shambani. Vita vya Maji Maji vilianzia kwenye mche wa pamba. Kila nikipita barabara ya Kilwa nikiona mabango ya njia ya Nandete huwa nawaza hilo.

Kuna sheria pia, na ni vizuri kila fundi akaijua. Ulaya kitu kilichopita nchi kadhaa huhesabiwa kuwa cha nchi kilipofanyiwa badiliko kubwa la mwisho. Siyo kilipoanzia, wala kilipofanyiwa kazi ya saa nyingi zaidi. Ngozi ya juu ya kiatu inaweza kushonwa Ulaya Mashariki, ikaenda kufungwa soli Italia, na kiatu kikawa cha Italia kihalali. Wadarizi wa Mumbai kwa miongo mingi wametia shanga na nyuzi za dhahabu kwenye magauni ambayo baadaye yalimaliziwa Paris, na lebo ilitaja Ufaransa. Wengi wao ni wanaume waliorithi kazi kwa baba zao, wamekaa chini kuzunguka fremu ya mbao siku nzima. Dior, kampuni nyingine ya mavazi ya Paris, ilipofanya maonyesho yake Mumbai mwezi wa tatu mwaka 2023, mbele ya Gateway of India, lango kubwa la bahari, na kuwataja kwa jina mafundi wa karakana ya Chanakya, wengi ndipo walipojua mikono ile ilikuwepo siku zote.

Mtu wa kusini hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwa sababu ana korosho. Tunazipanda sisi, tunapulizia sulfa sisi, tunaokota, tunaanika, tunapeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zinauzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani, mzigo ukiwa umehifadhiwa ghala, halafu sehemu kubwa inaondoka na maganda yake kwenda India na Vietnam. Huko zinabanguliwa. Vietnam ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza korosho zilizobanguliwa, na mlaji wa Berlin akisoma pakiti anaona Vietnam. Badiliko kubwa la mwisho.

Tulijaribu. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ilijenga viwanda vya kubangua huku kusini, Likombe, Newala, Masasi, Mtama, Lindi, Nachingwea, kwa mashine za Italia na Japani. Lakini viwanda vilipokuwa vinasimamishwa, korosho yenyewe ilikuwa inaporomoka: watu walikuwa wamehamishwa kwenda vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukaingia, na uzalishaji ulioshika tani 145,000 msimu wa 1973/74 ukaanguka vibaya. Majengo yakabaki na popo. Nimeingia kwenye mojawapo nikiwa mdogo, tukitafuta vyuma vya kuuza. Mashine zilikuwa zimesimama zimejipanga, na hakuna hata mtu mmoja mtaani aliyekuwa anajua kuziendesha.

Nalitaja hilo kwa sababu kila baada ya muda nasikia mtu akisema kampuni kubwa za mavazi zitakuja Mtwara kwa sababu sisi ni rahisi. Bandari ya kina kirefu tunayo. Ushuru wa Ulaya siyo kizuizi: tangu 2001 nchi zenye uchumi mdogo zaidi, Tanzania ikiwemo, zinaingiza karibu kila kitu isipokuwa silaha bila kutozwa, na tangu 2011 hata kitambaa kikitoka nchi nyingine, kushonwa hapa kunatosha nguo kuhesabiwa ya hapa. Milango iko wazi zaidi ya miaka 10. Hawajaja, kwa sababu urahisi wetu siyo wanachokitafuta. Wanatafuta mahali penye zipu mtaa wa pili. Wanatafuta mafundi 50 wa kola, siyo mmoja na binti yake. Wanatafuta jina ambalo mteja akilisikia ataona mahali na watu wake.

Na sitaki mtu anielewe kwamba jina la mahali ni dhamana ya haki. Juni 2024 mahakama ya Milan iliiweka kampuni tanzu ya Dior inayotengeneza mikoba chini ya usimamizi wa mahakama, baada ya polisi kukuta karakana za wakandarasi wadogo pembeni ya jiji ambako wafanyakazi, wengi Wachina, walikuwa wanalala humohumo kazini na mashine zimeondolewa vikinga vya usalama ili zikimbie zaidi. Karatasi za kesi zilionyesha mkoba mmoja ulilipiwa yuro 53 kwa mkandarasi, ukauzwa dukani yuro 2,600. Usimamizi huo uliondolewa mapema mwaka 2025. Armani, kampuni ya mavazi ya Milan, ilishapita kwenye mkono wa mahakama hiyohiyo miezi michache kabla ya Dior, na Loro Piana, wa nguo za sufu na kashmiri, ilifuata Julai 2025. Bidhaa zote hizo zilikuwa za Italia kweli. Lebo haikusema uongo. Ilinyamaza tu juu ya nani.

Niliposoma zile 53 na 2,600 nilizichukua zile 12,000 na 180,000 zangu nikaziandika chini yake kwenye daftari la vipimo. Sikutaka kulinganisha mateso, mimi silali kazini na hakuna anayenifungia mlango. Nilitaka tu kuziona pamoja.

Kazi ya lebo za watu sijaichukua tena. Magauni yangu mwenyewe, yanayonunuliwa na wageni wanaoshukia Boma na akina mama wa Shangani, tunayatia jina ndani kwa mkono, kwenye pindo la shingo: Mikindani, herufi tisa, uzi wa buluu. Inachukua dakika kama 15. Lebo za kufumwa Kariakoo wanataka uagize nyingi kwa mpigo na bado sijafika huko. Mteja mmoja aliniuliza kwa nini nisiandike jina langu. Nilimwambia mimi nitakufa, au nitahamia Masasi kwa wanangu.

Koti lilikaa kwenye kibanda cha jirani hadi Juni. Nani avae koti la mvua Mtwara? Nilikuwa nimeziba bitana na kutafuta kifungo kinachofanana, nikapata cha pembe, cheusi kidogo kuliko vingine, nikakiweka chini kabisa mahali pasipoonekana. Mwisho dereva wa lori la mizigo aliyekuwa anakwenda Njombe, kwenye baridi la mwezi wa sita, akalijaribu papo hapo juani na kulinunua kwa elfu 35. Kijana alifurahi. Sikumwambia lingeweza kuwa na bei gani, maana Njombe nako kuna baridi ya kweli na yule baba alikuwa anakohoa.

Kabla halijaondoka nilishatoa ramani ya kola kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, na mkanda wake. Binti ninayemfundisha anaishona kwenye vipande vya khaki kila alasiri, akishamaliza kazi za wateja, tangu Juni hiyo. Mwanzoni mishono yake ilikuwa kama ya gunia. Juzi nilimhesabia: 131 kutoka ncha hadi ncha, upande wa kulia imelingana, upande wa kushoto bado inapanda juu pale shingo inapokunja. Nimemwambia afumue upande wa kushoto tu.